Tuliwaambia Ni Juzi

Machi 3
Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya ugomvi. Mzee wa Kabati amekuja leo mara ya tatu kuulizia kabati la harusi ya binti yake, na kwa mara ya tatu nimemwambia siku mbili. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sawa, nimesema siku mbili, lakini fundi gani asiyesema siku mbili? Mvua zimeanza, na vanishi haina habari na harusi ya mtu. Ukiipaka kwenye unyevunyevu inageuka nyeupe kama maziwa, unarudi kwenye msasa, unaanza upya. Kwa hiyo kuanzia leo naandika kila siku: mvua au jua, imekauka au haijakauka. Siku atakayoniita mwongo nitamfungulia ukurasa.

Leo mvua tangu asubuhi. Haikukauka.

Machi 4
Mvua. Haikukauka.

Machi 5
Mvua. Chiriku ameamka koo linamuuma, hakwenda shule. Chiriku ni binti yangu, ana miaka minane, na jina hilo nilimpa mimi mwenyewe kwa sababu akianza kusema hana breki. Leo amekaa karakanani juu ya marundo ya maranda, kimya, na kwa mara ya kwanza nimesikia redio ya jirani vizuri. Nilisema sitaandika mambo ya nyumbani humu, haya basi, nimeshaandika.

Machi 6
Mvua. Mama Chiriku alitaka tumpeleke zahanati. Nikamwambia, koo tu hilo, mama, unataka kwenda kushinda kwenye benchi kwa ajili ya koo? Nikaenda kwa Dokta wa Kona. Si daktari, anauza dawa pale kwenye duka la kona, ila sisi mtaani tumemwita hivyo mpaka akaitikia. Raha ya mtu yule ni kwamba anakusalimia kwanza. Anauliza kazi inakwendaje, anauliza mtoto anaitwa nani. Hakuulizi ulikuwa wapi siku zote. Kanipa vidonge kumi vya rangi mbili, akasema, "Akipata nafuu mwache apumzike, fundi, msimchoshe mtoto na dawa."

Machi 8
Jua kuanzia saa tatu. Koti la kwanza la vanishi kwenye kabati limekauka. Chiriku amepona na ameshanisimulia darasa zima lilivyopigwa kwa sababu ya mtu mmoja. Vidonge vilivyobaki ni sita, nimevitia kwenye kopo la misumari.

Machi 9
Mvua. Koti la pili limeharibika. Msasa.

Machi 14
Mvua. Mzee wa Kabati kaja. Siku mbili.

Machi 15
Mvua.

Machi 19
Mvua. Leo sikufanya kazi yoyote ya maana, kwa hiyo niandike kwa nini nyumba hii hatupendi zahanati, mtu asije akatuona washenzi.

Chiriku alipokuwa wa miezi saba aliharisha. Mke wangu alimpa maji ya chumvi na sukari siku tatu, ya nne akampeleka. Pale kuna nesi wa miwani mikubwa, sisi tunamwita Nesi Miwani. Akauliza imeanza lini. Mke wangu, mtu wa watu, asiyejua uongo, akasema siku nne. Yule nesi akavua miwani, na mbele ya benchi zima la kina mama akasema, "Siku nne? Ulikuwa unasubiri nini, afe ndiyo umlete?" Mtoto alitibiwa na akapona, sikatai. Lakini mke wangu alirudi nyumbani akajifungia chumbani, na mpaka leo akipita zahanati anavuka barabara.

Tangu hapo tukawekeana sheria. Ukiulizwa, ugonjwa umeanza juzi. Ukisema jana, watakwambia una haraka, rudi nyumbani ukamwangalie. Ukisema wiki, utavuliwa nguo hadharani. Juzi ni pazuri, hapana mtu wa kukugombeza.

Machi 23
Mvua kubwa. Chiriku anachechemea. Kifundo cha mguu wa kushoto kimevimba na kina moto. Anasema hakuanguka. Nikamkanda kwa maji ya uvuguvugu. Mtoto anakua huyo, mifupa inanyooka.

Machi 24
Mvua. Kifundo vilevile, na joto la mwili. Haikukauka.

Machi 26
Mawingu, jua kidogo. Kifundo kimenywea, safi kabisa. Sasa ni goti la kulia. Mama Chiriku ana wasiwasi, mimi nimefurahi. Nimemwambia ugonjwa unaohamahama ni ugonjwa unaotafuta mlango wa kutokea. Akasema, "Hayo umesomea wapi?" Nikasema kwenye mbao. Hakucheka.

Machi 28
Mvua. Tumekwenda zahanati, mke wangu kashinda.

Tulijiandaa kama watu wanaokwenda kuposa. Mtoto kaogeshwa, kavalishwa gauni la sikukuu, kasukwa. Kabla ya kutoka mama yake akampa kidonge cha maumivu ili asilielie kwenye foleni na kutuaibisha. Nikanunua daftari jipya la matibabu, lile la zamani nikaliacha, kwa sababu lina yale maneno ya siku nne kwa mwandiko mwekundu. Nani abebe ushahidi dhidi yake mwenyewe?

Bahati mbaya ilikuwa zamu ya Nesi Miwani. Akamgusa Chiriku paji la uso, akasema hana joto. Akabonyeza goti. Akauliza imeanza lini.

"Juzi, sista," nikasema.

"Alianguka?"

Mke wangu akanitazama. Nikasema alianguka shuleni, akicheza.

Nesi akaandika. Halafu akainua kichwa, akauliza tena, na nakumbuka neno kwa neno kwa sababu lilinikera: "Kiungo kingine hakijawahi kuvimba? Na koo, hajaumwa koo wiki za nyuma?"

Nikaona mtego huo. Nikisema koo, ataniuliza ulimpeleka wapi. Nikisema kwa Dokta wa Kona, atauliza vidonge vingapi, na alimaliza? Na hapo miwani itavuliwa. Nikasema, "Hapana, sista. Huyu mzima kama chuma."

Akatupatia bandeji na dawa ya kuchua, akasema kikivimba kiungo kingine turudi siku hiyohiyo. Tulitoka bila neno baya hata moja. Njiani nilimwambia mke wangu, umeona, ni kujua kusema nao tu. Safari hii hakuvuka barabara.

Machi 29
Mvua. Haikukauka.

Machi 30
Jua nusu siku. Goti linanywea. Nimepaka milango ya kabati.

Aprili 2
Mvua. Kiwiko. Goti limepona, sasa kiwiko cha mkono wa kuandikia. Mama Chiriku kasema turudi kwa yule nesi kama alivyosema. Nikamwuliza turudi tumwambie nini, kwamba ameanguka tena, safari hii kwa kiwiko? Atajua tulimdanganya. Akaacha kunisukuma, kwa sababu na yeye anamwogopa.

Aprili 4
Mvua. Tumekwenda kituo cha afya cha ng'ambo ya barabara kuu, wasikotujua. Daftari jipya, la tatu hilo. Gauni lilelile, kidonge kilekile. Tabibu ni kijana mwenye haraka, hatuangalii, anaangalia karatasi. Akamwuliza mtoto mwenyewe, "Umeanza kuumwa lini?" Kabla sijafungua mdomo, Chiriku akasema, "Juzi."

Hakuna aliyemfundisha. Amesikia tu. Kijana akaandika juzi, akampa dawa ya maumivu. Nikamnunulia Chiriku pipi mbili. Mama yake hakupenda, akasema mtoto hapewi pipi kwa kusema uongo. Nikasema ni akili hiyo, si uongo.

Aprili 5
Mvua.

Aprili 7
Mvua. Kiwiko kimepona. Hakuna kiungo kinachouma. Nilimwambia mke wangu, si nilisema?

Aprili 8
Jua. Jua la kweli, siku nzima. Kabati limepakwa lote. Mzee wa Kabati alikuja, safari hii nikasema siku mbili na nilimaanisha kweli.

Aprili 10
Mvua imerudi. Chiriku ameshindwa kufika shule. Mwalimu aliyekuwa nyuma yake amemrudisha, anasema alikaa chini mara mbili njiani, ameweka mkono kifuani. Shule yenyewe ni mwendo wa kumenya chungwa. Nikamwuliza nini, akasema moyo unakimbia na yeye hakimbii.

Aprili 11
Mvua. Tumegombana. Mke wangu anataka hospitali kubwa. Nikasema kule ndiko wanakokaa mabingwa wa kutukana, na tutaonyesha daftari lipi kati ya matatu? Akaniambia jambo ambalo limenikaa kooni mpaka sasa ninapoandika: "Mimi ndiye niliyetukanwa, Baba Chiriku. Lakini anayeogopa ni wewe."

Nilitoka nikaenda kupiga msasa mti ambao hauna tatizo.

Aprili 12
Mvua. Dokta wa Kona kasema ni upungufu wa damu. Katoa chupa ya dawa nyekundu. Kamsalimia mtoto vizuri.

Aprili 13
Mvua. Haikukauka.

Aprili 14
Mvua. Miguu imevimba yote miwili, ukibonyeza kinabaki kishimo. Analala amekaa, ameegemea mito. Hasemi. Nimemwomba anisimulie darasani kwao kukoje, akasema, "Baadaye, baba."

Aprili 15
Sijui kama mvua ilinyesha.

Mzee wa Kabati alikuja asubuhi na gari kuchukua mzigo wake. Nilishajiandaa kumwonyesha daftari hili, kwamba tazama mzee, siku kadhaa za mvua, unyevu, uonevu wako. Chiriku alikuwa karakanani ameegemea kabati lenyewe, kwa sababu akiwa peke yake ndani anaogopa. Mzee aliingia akiwa na maneno yake tayari mdomoni, akamwona, akayameza. Akachuchumaa mbele yake kwa magoti yale ya kizee. Akasema, "Fundi, huyu mtoto anapumua kwa mabega."

Nikasema anaendelea vizuri.

"Mwite mama yake," akasema. Hakuuliza zaidi. Kabati la binti yake alilisukuma kando kwa mkono wake, vanishi haijashika vizuri, alama za vidole zikabaki mlangoni, na hakuangalia. Gari lililokuja kwa ajili ya kabati likatubeba sisi. Mtu huyu nimemcheka wiki sita.

Hospitali kubwa walimchukua Chiriku kutoka mikononi mwangu kabla sijataja jina. Wakamwekea hewa puani. Baadaye daktari, mwanamke wa makamo aliyevaa kandambili, akatuita kwenye chumba kidogo chenye sinki linalovuja. Akauliza, imeanza lini?

Na mimi, Mungu anajua, mtoto wangu yuko ng'ambo ya ukuta na hewa puani, mdomo wangu ukasema, "Juzi."

Mke wangu akasema, "Si juzi."

Alisema taratibu tu. Halafu akanigeukia. "Mpe daftari lako."

Nikatoa yale matatu ya matibabu, yote nilikuja nayo safari hii. Daktari akayafungua moja baada ya jingine. Juzi, goti, alianguka. Juzi, kiwiko. Mke wangu akasema, "Siyo hayo. Lile la vanishi."

Lilikuwa mfukoni mwa koti, kwa ajili ya Mzee wa Kabati. Nikalitoa. Daktari akasoma tangu ukurasa wa kwanza, na kalamu yake ikawa inahamisha kwenye faili: Machi tano, koo. Vidonge kumi, vinne vilimezwa. Machi ishirini na tatu, kifundo cha kushoto, joto. Machi ishirini na sita, goti la kulia. Aprili mbili, kiwiko. Alipofika pale nilipoandika habari ya mlango wa kutokea, alisoma mara mbili, akafunua ukurasa unaofuata. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipomaliza akatueleza bila haraka. Koo lile halikwisha, lilinyamaza tu. Likaenda kwenye viungo, halafu likaenda kwenye moyo. Ndani ya moyo kuna vilango vinavyofunguka na kufunga, na vya Chiriku vimeliwa, havifungi. "Ugonjwa huu ukiutazama siku moja unaona goti tu," alisema. "Unajulikana kwa tarehe. Kilianza nini, kikafuata nini. Hizi hapa ndizo tulizokuwa tunazihitaji."

Nikamwuliza kama tungesema ile Machi ishirini na nane.

Akasema, "Pengine. Siwezi kukuapia, baba."

Aprili 16
Wodini. Mama yake analala naye, mimi nakaa nje chini ya ubao wa matangazo. Anakojoa sana kwa dawa, miguu imepungua.

Aprili 18
Amesema maneno kumi na moja. Nimehesabu.

Aprili 21
Nilipita kwa Dokta wa Kona. Sijui nilikwenda kufanya nini, pengine kumpiga. Alinisalimia kama kawaida. Nikamweleza. Akafuta kaunta iliyokuwa safi, akasema, "Fundi, mimi nauza dawa. Sijawahi kukwambia mimi daktari." Na ni kweli. Udaktari tulimpa sisi, kwa sababu alikuwa na salamu.

Aprili 25
Daktari anasema upasuaji wa vilango hivyo haufanyiki hapa, unafanyika mbali, na kuna orodha ndefu ya watoto. Jina la Chiriku limeandikwa. Nikauliza ni wa ngapi. Akasema tatizo si ngapi, moyo ulivyo sasa hauwezi hata hiyo safari, wala kisu. Kwanza upate nguvu. Nikauliza utapata nguvu lini. Akanitazama kama mimi ninavyowatazama wateja wangu msimu wa mvua, lakini hakusema siku mbili. Alisema hajui.

Aprili 30
Moyo haujapata nguvu.

Mei 3
Jua. Mzee wa Kabati kaja wodini na mkewe. Harusi imepita. Kabati lilikwenda na alama za vidole. Nikamwomba radhi, nikasema nitakuja kuziondoa. Akasema mkewe hataki ziguswe.

Mei 8
Jua. Wamemwita mke wangu na mimi tena kwenye chumba cha sinki. Wanaturuhusu. Nilidhani ni habari njema, nikaanza kushukuru, na daktari akaniacha nishukuru mpaka nikaishiwa. Ndipo akasema dawa zilizobaki anaweza kuzimeza nyumbani, na mtoto ameomba nyumbani. Ametuandikia barua ya kwenda zahanati yetu, ili wawe wanamwangalia kwa karibu.

Mke wangu alielewa kabla yangu. Alikunja kanga yake polepole, ncha kwa ncha, akamwuliza daktari mtoto alazwe ubavu gani akiwa hana raha.

Mei 10
Jua. Kila kitu kinakauka. Wateja wamepanga mstari.

Leo asubuhi tumempeleka Chiriku zahanati na barua. Nimembeba mgongoni, amekuwa mwepesi mno. Gauni la sikukuu halikuvaliwa, kavaa lile la kulalia, na mama yake hakumpa kidonge chochote kabla. Madaftari yote matatu nilikuwa nayo mkononi, na hili la nne.

Nesi Miwani alikuwa zamu. Alisoma barua amesimama, mpaka chini, halafu akarudi juu akaisoma tena. Nikamwambia pale pale, mbele ya benchi zima, sikujali: "Sista, uliniuliza habari ya koo. Uliniuliza kama kuna kiungo kingine. Nilikudanganya. Sikutaka utugombeze."

Akavua miwani, na mimi nikainamisha kichwa nipokee. Nilikuwa nataka kwa moyo wangu wote. Nilitaka aniulize nilikuwa nasubiri nini, aniite mshenzi, apaze sauti mpaka barabarani, kwa sababu mtu hakupigii kelele kama hakuna kilichobaki cha kuokoa.

Akafuta miwani kwa ncha ya gauni, akaivaa.

Mke wangu akamwambia, "Sema tu, sista. Tumekuja tumejiandaa."

"Niwagombeze ya nini sasa, mama," akasema.

Akamchukua Chiriku mgongoni kwangu, akampeleka ndani mwenyewe, akipita kina mama wote, na hakuna aliyelalamikia foleni. Alimwegemeza kwenye mito miwili, akamsikiliza kifua mbele na nyuma kwa muda mrefu. Akamwuliza nani alimpa jina hilo. Chiriku akasema, "Baba," akavuta pumzi, akasema, "kwa sababu nasema sana." Nesi akamwambia basi amsimulie kitu, na Chiriku akamsimulia kidogokidogo habari ya wodini, na yeye akakaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza, huku nje watu wanamsubiri.

Alipomaliza alifungua daftari, akaandika dawa. Chini kuna mstari wa tarehe ya kurudi. Siku zote anaandika tarehe na kuipigia mstari, na ole wako uje kesho yake. Nikamwuliza turudi lini. Kalamu ilikaa juu ya ule mstari, halafu akaifunga. Akasema tumlete wakati wowote, tusipange foleni, na tukishindwa kumbeba tumwite, atakuja yeye.

Tukashukuru. Mama Chiriku akapokea daftari kwa mikono miwili.

Njiani kulikuwa na joto, nikamfunika Chiriku kichwa kwa kitambaa changu cha kazi. Akaniambia sikioni, "Baba, mbona mlisema huyu sista mkali?"

Nikamwambia zamani alikuwa mkali.

Akapumzika kidogo kupata pumzi. Akasema, "Mimi nampenda. Kesho tuje tena."